Bega la Kondoo Lililopoa

Grizel alilitua mezani bega la kondoo la juzi, limepoa tiii, mafuta yameganda juu yake kama nta. Huku kwetu Uskoti, mgeni akipewa nyama baridi ilhali jiko linawaka, hujua kachokwa, akafunga mzigo bila kuambiwa. Mpaka leo kumnunia mtu tunakuita kumpa bega la baridi.

Binamu wa mumewe alikuja kulala siku mbili. Hii ilikuwa wiki ya sita.

Alilitazama lile bega. Akalibonyeza kwa kidole, mafuta yakabaki na kishimo. Machozi yakamlengalenga.

Grizel akaingiwa na haya. "Jamani shemeji, usilie..."

"Niache nilie, shemeji!" Mgeni alijikatia pande nono. "Wiki zote hizi nyama ya moto, nyama ya moto, nikajua bado mnanihesabu mgeni. Leo umenipa kiporo. Kiporo si cha watu wa nyumbani?"

Mume wa Grizel akaficha uso ndani ya kikombe cha bia.

"Sasa hata mama," mgeni akasema, akilamba kidole, "naweza kumwandikia aje na paka wake."