Nati za Mama

Mama alikuwa amejifunga kitambaa cheusi machoni, akitembea ukumbini kwa kupapasa ukuta. Alipofika kizingitini alisimama, akanyanyua mguu kwa tahadhari, akavuka, kisha akacheka peke yake kama mtu aliyefaulu mtihani.

Fundi cherehani, mwanawe wa pekee, alikuwa anaingia kutoka dukani kwake kwa chakula cha mchana. Wakagongana vifua.

"Lahaula! Mama, umeanza tena?"

"Samahani, baba. Bado najifunza."

Mke wa fundi alichungulia kutoka jikoni. Mwanamke huyu hakuwa na mpinzani kwa misemo, na tangu mkwewe abadilike, kila kukicha alikuja na mpya. Kwanza nati zilikuwa zimelegea. Kisha fyuzi ikaungua. Juzi akili zilikuwa zimekwenda likizo bila ruhusa.

"Leo, baba watoto, nyaya zimegusana," alisema. "Hamnazo kabisa."

"Chunga ulimi. Huyo ni mzazi wangu."

"Nimesema si mzazi? Nimesema nyaya zimegusana."

Fundi hakucheka. Alikuwa amechoka. Mama alikuwa amefunga kamba kutoka mlango wa uani hadi bafuni, nayo nusura imkate mwanawe koo alipokuwa akienda kuoga. Alikuwa amevisukumiza viti vyote ukutani, akaapa kwamba atakayekisogeza kimoja atamwona. Alikuwa amechonga alama kwa kisu katika fremu za milango. Yote hayo mwanawe aliyavumilia. La vifungo ndilo lililomshinda.

Mama alizichukua suruali zake zote, akazishonea vifungo kwa ndani, kiunoni: nyeusi kifungo kimoja, za kahawia viwili, za kijivu vitatu. Yeye, anayewashonea suti mabwana harusi, akashinda dukani vifungo vya shati vikimchoma nyonga!

"Vya nini hivi, mama?"

"Utavizoea."

Na huko dukani nako hakukuwa na raha. Wateja walikuwa wamegeuka wachokozi, wakirudisha makoti kwa madai kwamba kola zimekwenda upande. Taa zilikuwa hafifu. Hata sindano za siku hizi zilitobolewa matundu ya kijinga. Ilikuwa kana kwamba ulimwengu mzima umekula njama ya kumkera, na anaporudi kwake kupumzika, anakutana na kamba.

"Basi," alisema siku ile, chakula kikipoa mbele yake. "Kesho nakupeleka hospitali ya wagonjwa wa akili. Wakikulaza, wakulaze. Nimefika mwisho."

Mkewe aliweka chini mwiko. "Mume wangu, mimi ni mdomo tu. Sikusema tumtupe mama."

"Mdomo wako umesema kweli."

Mama alikifungua kitambaa taratibu, akakikunja vizuri, akakiweka mapajani.

"Nitakwenda, baba, hata kama ni kukaa huko umri wangu wote. Nina sharti moja. Kwanza twende mimi na wewe kwa daktari wa macho."

Fundi akaisukuma sahani kando. Ile kamba, zile alama, kile kitambaa: yote yakajipanga kwa pamoja akilini mwake. Kumbe mama alikuwa akijizoeza giza, kimya kimya, asimsumbue mtu. Naye akamwita mwendawazimu.

"Nisamehe, mama," alisema. "Twende."

Asubuhi, katika chumba cha daktari, mama aliketi kitini, akazibwa jicho moja, kisha la pili. Kwa kila jicho aliusoma kwa sauti ubao wa herufi uliokuwa ukutani, tangu herufi kubwa ya juu hadi mstari wa chini, uliokuwa mdogo kama sisimizi waliojipanga. Fundi alisimama nyuma yake, ameinamisha kichwa, midomo ikichezacheza kama ya mtu aliye katika uradi.

"Mama, haya ni macho ya msichana," daktari alisema.

Huruma yote ikamtoka fundi. "Anaona? Basi kamba ya nini? Kujifunga kitambaa ni kwa nini? Daktari, wewe ni shahidi, mama yangu nati zimelegea kweli! Tunatoka hapa tunakwenda moja kwa moja kule nilikosema."

Mama aliinuka. Alimnong'oneza daktari neno. Daktari akaenda ukutani, akarudi.

"Keti wewe sasa, mwanangu," mama alisema. "Ukiusoma ubao ule, nipeleke leo hii hii. Sitakulaumu, wala sitalia."

"Hilo tu?"

"Hilo tu, baba."

Fundi aliketi, akatoa kifua mbele, akaukabili ukuta. Akazitaja herufi moja baada ya nyingine, kutoka ile kubwa ya juu hadi mstari wa sisimizi, bila kukwama wala kurudia.

"Haya!" akasema, akijipigapiga magoti. "Tumemaliza?"

Mama alikuwa ameupa ukuta uso.

"Fundi," daktari alisema kwa upole, "ubao nimekwisha kuugeuza. Upande huo hauna maandishi."