Aliyewaambia Waache Pamba

Hosea alizaliwa mtumwa huko Alabama, Marekani. Sasa alikuwa mtaalamu wa kilimo. Alikuwa akiwaonyesha wakulima weusi mashine aliyoibuni ya kupandia karanga badala ya pamba, wapanda farasi watatu walipoingia kwenye uwanja wa kanisa.

“Nani kawadanganya watu wangu waache pamba?” mmoja wao, mwenye shamba walilolima, aliuliza, bunduki mapajani.

Tai ya Hosea ililowa jasho.

“Ni mimi, bwana,” ajuza mmoja alisema.

“Mfungeni!”

Kamba ilifunguliwa kutoka kwenye tandiko. Ajuza alinyoosha mikono bila kumtazama Hosea. Hosea alisogea mbele.

“Mwacheni bibi. Aliyewaambia ni mimi.”

Ajuza akamgeukia kwa hasira. “Mwanangu, mimi nimeshakula chumvi nyingi. Sasa nani atawafundisha hawa?”