Macho ya Miaka Kumi

Sheria ilikuwa moja: chombo chochote cha kuonyesha picha kikitimiza miaka kumi, kinazimwa. Zuhra aliapa kwamba kompyuta yake haitazikwa ingali hai.

"Feni inazunguka, herufi zinakuja! Herufi zikija, haijafa. Wameinyima picha tu, wanaharamu hawa!"

Tangu asubuhi alikuwa akihangaika kuiwekea Linux, mfumo mwingine wa kuiendesha. Kila akiiwasha, herufi nyeupe zilimiminika, kisha kioo kikawa cheusi tii. Mara ya tisa akaongeza neno moja kwenye amri za kuwashia, la kuikataza mashine isiitegemee kadi yake ya picha. Picha ikaja. Ilikuwa na chengachenga, lakini ilikuja.

"Wamekoma!"

Mkekani, mama yake, Bi Mosi, alikuwa akichagua mchele kwa macho ya bandia aliyowekewa hospitalini, nayo yalikuwa yanatimiza miaka kumi wiki hiyo hiyo. Ghafla vidole vyake vikasimama ndani ya ungo.

"Zuhra, mwanangu, nani kazima taa?"

Zuhra akageuka. Jua la adhuhuri lilikuwa limejaa chumba kizima.

"Tulia, Mama," alisema. "Hebu niambie, unaona herufi zozote nyeupe?"