Sweta Lenye Shingo ya Kubana

Makali ya mkasi yalikuwa yameshaukamata ukosi wa sweta, kidole changu kilipogusa fundo la uzi kwa ndani.

Mimi ni fundi cherehani, kukata nguo hakunitishi. Lakini sweta hili alinifumia mke wangu, miezi miwili kabla hatujamzika, na shingo yake aliibana makusudi. "Kifua chako hakipatani na baridi," alisema. Nani angebishana naye?

Asubuhi ile, wodini, muuguzi alinivalisha akiupanua ukosi kwa mikono yote miwili, usiguse gango gumu walilonibandika puani baada ya upasuaji.

"Mzee, si tulikwambia uje na shati la vifungo? Hili usijivue mwenyewe. Ukiligonga gango, damu itaanza upya. Mkeo yupo nyumbani, atakushikia?"

"Atanishikia," nilisema. Bila mtu wa kuniangalia wasingeniruhusu kutoka.

Fundo lilikuwa dogo kama punje ya mtama, na ncha ya uzi ilikuwa imechambuka. Nyumba ina mikasi minne, na bado mwanamke yule alikata uzi kwa meno.

Simu ikalia. Alikuwa muuguzi.

"Mzee, umefika salama? Sweta limevulika?"

Niliuweka mkasi mezani. Nikapanga mito miwili kitandani, upande wangu, ili nilale nimeinua kichwa kama walivyoniagiza.

"Mke wangu amekataa," nikamwambia. "Anasema kuna baridi."