Mdomo wa Lorenzo

"Mshike vizuri, Shangazi, nimkague," alisema Edilberto, mkuu wa kijiji, na watu waliojaa chini ya paa la mkutano wakasogea wote kwa pamoja.

Bi Orfelina akamkumbatia tukani wake, Lorenzo, kifuani. Alikuwa ndege mdogo, mweusi mgongoni, kifua cha manjano chenye mkanda mwekundu, na mdomo mkubwa kama wa kuazima. Edilberto akaupapasa kwa kidole mpaka nchani.

"Umemeguka," akatangaza. "Upande wa kushoto, kama Shangazi alivyosema."

Watu wakaangua kicheko. Mzee Teobaldo, jirani aliyeshtakiwa kwa wizi wa ndege huyo, akavua kofia, akaukodolea macho ule mdomo.

"Haiwezekani," akasema. "Mdomo wa jike langu Domitila ni mzima. Wiki iliyopita nimemlisha ndizi kwa mkono wangu huu."

"Domitila!" Bi Orfelina akapiga kofi paja lake. "Jamani, mmesikia? Kaniibia dume langu, kisha kalivisha gauni!"

Kicheko kikaanza upya.

Lorenzo alijulikana pande zote za kijiji. Bi Orfelina alimwokota akiwa kinda asiye na unyoya hata mmoja, siku mti wenye kiota ulipoanguka kwenye shamba lake la muhogo. Watoto wake walikuwa wamehamia mjini, mumewe amekufa, na kwa miaka miwili ndege huyo ndiye aliyekula naye sahani moja. Hakuna jiko ambamo Lorenzo hakuwahi kuiba kitu.

Teobaldo naye alikuwa mzawa wa hapohapo, ila alikuwa ameishi kwa binti yake huko chini ya mto miaka kumi na miwili. Alirudi miezi mitatu iliyopita, siku ya mvua kubwa, na mizigo yake pamoja na kikapu. Alisema ndani ya kikapu mlikuwa na tukani aliyemlea mwenyewe, kikapu kikafunguka wakati wa kushuka mtumbwini, ndege akaruka, kesho yake akamfuata dirishani. Lakini hakuna aliyemwona ndege kikapuni. Walichoona ni tukani akila ndizi dirishani kwa Teobaldo, na tukani wa kufugwa kijijini walimjua mmoja tu.

Wiki hii ndege hakuja dirishani siku tatu. Ya nne, Teobaldo akamwona juu ya ua wa Bi Orfelina, akamchukua, akamtia ndani ya shati. Hakufika hata mlangoni kwake kabla Bi Orfelina hajamrukia na mwiko.

"Mjomba," Edilberto akamwambia kwa upole, "mtu mzima kama wewe unasema uongo kwa ajili ya ndege?"

Swali hilo lilimuuma kuliko vicheko vyote. Miaka kumi na miwili alitamani kurudi kwao. Sasa amerudi, na jina la kwanza alilopewa ni mwongo.

Adhabu ikatolewa: aezeke upya paa la jiko la Bi Orfelina.

Siku ya tatu ya kazi alikuwa juu ya paa, jasho likimtiririka, na Bi Orfelina chini yake akimenya papai.

"Kaza kamba, Mzee! Mvua ikipenya usije ukaapa kwamba makuti yamejitoboa yenyewe."

"Mimi nimewahi kusema uongo mmoja tu maishani," akajibu Teobaldo. "Nilimwambia binti yangu kwamba nina jirani mwema."

Bi Orfelina akacheka bila kutaka. Papo hapo Lorenzo akashuka, akanyakua kipande cha papai kwenye ubao, akapaa nacho.

"Cha tano hicho tangu asubuhi!" akafoka. "Siku hizi mlafi huyu. Wala hali hapa, anabeba tu. Na siku zote hizi halali nyumbani."

Teobaldo aligeuka kumtazama ndege. Toka juu ya paa aliweza kuona mbali, zaidi ya shamba la muhogo, mpaka kinamasini. Alimfuata kwa macho, akamwona anatua kwenye mchikichi uliokufa, penye tundu. Mkono wake ukasimama na kamba hewani.

"Bi Orfelina. Panda."

"Nipande nini na magoti haya?"

"Panda, nakuomba. Kama ni uongo, nitakuezekea nyumba nzima."

Bi Orfelina alilifikiria paa la chumba chake, ambalo nalo lilikuwa likivuja. Akajifuta mikono, akapanda ngazi akinung'unika kila hatua, na Teobaldo akamshika mkono hatua ya mwisho.

"Tazama pale. Kwenye tundu."

Lorenzo alikuwa ameng'ang'ania gome la mchikichi, papai bado mdomoni, hajalimeza. Akagonga kingo za tundu mara mbili, akangoja.

Toka ndani kikachomoza kichwa cha pili, cheusi vilevile, na mdomo mrefu, mzima mpaka nchani, ukapokea lile papai taratibu na kurudi nalo gizani.

Bi Orfelina alikaa juu ya makuti mapya. Kisha akarekebisha khanga yake ya kichwani kama mtu aliyefikiwa na wageni.

"Basi shuka, mkwe," akasema. "Pombe ya muhogo iko tayari."