Ubao Chini ya Rangi

"Hii ndogo ndiyo ya bei nafuu, dada," alisema dalali wa mashua za matanga, kiganja chake kikiegemea mlingoti. "Imetumika, lakini bado imara."

Mwanamke aliinama akachoma sakafu ya mashua kwa bisibisi. Chini ya rangi mpya ubao ulikuwa laini kama mkate uliolowa, na maji yakachuruzika.

"Huo ni unyevu tu."

"Ndivyo ulivyomwambia mume wangu, ulipomuuzia ile iliyomzamisha."

Dalali alimtazama usoni, akamkumbuka. Hakuwahi kuuondoa mkono. Bisibisi ilipenya kiganjani, ikanasa kwenye mlingoti. Damu ikamtiririka hadi kwenye saa yake.

Huku dalali akipiga mayowe, mwanamke alifungua kamba ya gatini, akatweka tanga, akashika usukani kuelekea bahari kuu.