Shahidi wa Ngiri

Simba alipolitawala bonde, alitoa amri kwamba kila mnyama aliyezaliwa ng'ambo ya mto arudishwe kwao. Fisi wakatumwa kuwasaka, wakaingia shimo moja baada ya jingine.

Ngiri alikuwa mwoga. Fisi walipofika kwake, hata kabla hawajamuuliza neno, aliwaelekeza kwa jirani yake, Bibi Mhanga.

"Yule ndiye wa ng'ambo," akasema.

Mhanga akatolewa huku wajukuu zake wakilia. Wanyama wengine walichungulia, wakanyamaza. Alipompita Ngiri alimwambia tu, "Ubaki salama, mwanangu."

Ngiri akainamisha uso.

Haukupita muda Fisi wakarudi.

"Na wewe ulizaliwa wapi?"

"Hapa hapa bondeni."

"Nani alishuhudia?"

Ngiri akageukia shimo la jirani yake. Mama yake alifariki siku aliyomzaa, ndani ya shimo la Mhanga, na aliyempokea mtoto kwa mikono yake alikuwa Mhanga mwenyewe.

"Shahidi wangu mmeshamvusha mto," akasema taratibu.

"Basi utamkuta huko," Fisi wakamjibu, wakamtanguliza njiani, na hakuna aliyetoka kumsemea.